Lebo Imesema Kumsenga, Ngogwe Imesema Munanila

Leo nimeumbuliwa na mboga. Si bosi, si mtoto, si mtu wa kunisema vibaya mtaani. Mboga! Ngogwe, zile ambazo sisi wa Tanga tunaziita nyanya chungu. Zimetoa ushahidi dhidi yangu mbele ya mama mkwe, mume wangu, jirani yangu na mbuzi. Na mbuzi ndiye aliyeshinda kesi.

Nawaandikia nikiwa jikoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Mama mkwe yuko sebuleni, chai ya pili. Kila baada ya muda namsikia anacheka peke yake, ananyamaza, halafu anaanza upya. Nimeona bora niwasimulie mwenyewe, maana Baba Nasra naye yumo humu kundini na mdomo wake naujua.

Kwa wageni wa kundi letu la mbegu: mimi ni Mama Nasra, mzaliwa wa Muheza, mtu wa maabara. Serikali ilinileta Kasulu miaka sita iliyopita nije kupima damu na mkojo wa watu, nikampata Baba Nasra, nikabaki. Nyuma ya nyumba yangu kuna bustani. (Mmeshaiona. Msimamizi wa kundi alishaniomba kwa upole nipunguze picha.) Sijisifu. Haya, najisifu. Bustani yangu yote ni mbegu za asili, hakuna hata punje iliyotoka kwenye pakiti. Nina isogi, ndiyo mgagani, ambayo ukiipika na maziwa unasahau kama kuna nyama duniani. Nina lengalenga, ule mchicha wa zamani wenye wekundu chini ya jani. Nina mnavu. Nina maboga ya ganda gumu niliyopewa na muuguzi mmoja wa Kibondo, yanakaa darini hadi msimu mwingine bila kuoza. Nina maharage ya rangi tisa. Tisa! Watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kuyapiga picha, na mimi nawaacha wapige, tena nawaonyesha upande wenye mwanga mzuri.

Na kila tuta lina lebo. Hii ni tabia ya kazini. Kule maabara chupa isiyo na jina haina mwenyewe, na chupa yenye jina la mtu mwingine ni balaa, unaweza kufukuzwa kazi. Kwa hiyo nakata boksi, naandika kwa wino mzito, nafunika na selotepu, nachomeka kwenye kijiti: jina la mboga, imetoka kwa nani, imetoka wapi, imepandwa lini. Hata wali ndani ya friji yangu una tarehe. Baba Nasra anasema ipo siku ataamka akute lebo kwenye paji lake la uso.

Hilo la chupa yenye jina la mtu mwingine msilisahau.

Sasa, mama mkwe. Anakaa Kumsenga, huko Kibondo. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu. Jikoni kwake juu ya mafiga kinaning'inia kibuyu cheusi kwa moshi. Humo ndimo zilimo mbegu za nyumba yao, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Alizipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Kwake mbegu haziuzwi wala haziombwi kwa haraka. Anakupa chache, unaenda kupanda, ukivuna unamrudishia kiasi kilekile kutoka kwenye mavuno yako. Ukishamrudishia, basi wewe ni mtu wa nyumbani. Anakifungua kibuyu mbele yako na anakugawia kila kilichomo.

Wake wenza... subirini, nimekosea, msije mkaanza kuulizana. Wake wa shemeji zangu, wawili, walishafunguliwa kibuyu siku nyingi. Mimi bado. Siku ya harusi yangu nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia dada yake, "Huyu wa maabara ukimpa mbegu atazitia kwenye friji." (Kusema kweli nilikuwa nimeshalifikiria hilo la friji.)

Basi mwaka juzi, siku tunaondoka Kumsenga baada ya Idi, akanifuata hadi barabarani. Akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Mbegu za ngogwe, hazijai kijiko. "Hizi ni za mama yangu," akasema. "Ziangalie." Mimi nilishikilia ile karatasi niliyozikunjia mkononi njia nzima hadi Kasulu, kiganja kikalowa jasho. Nilijiona nimeitwa kwenye usaili wa kazi niliyoitaka tangu nizaliwe.

Na zikaota! Jamani zikaota. Ngogwe fupi nene, nyeupe, mabega ya kijani. Ukiitafuna mbichi kwanza ni tamu, halafu mwishoni kabisa, ukishameza, uchungu unakuja taratibu. Nilichagua saba bora, nikaziacha juu ya mti ziive hadi ziwe nyekundu, nitoe mbegu za kumrudishia mama. Nikachomeka lebo: NGOGWE, MAMA, KUMSENGA. Zilibaki siku mbili tu nizichume.

Siku hizo mbili zilimtosha Mkaguzi.

Mkaguzi ni mbuzi wa jirani yangu, Mama Ezekieli. Beberu mwenye ndevu, anayepita nyumba hadi nyumba akikagua bustani za watu bila kukaribishwa, ndiyo maana mtaa mzima tukampa jina hilo. Nilirudi kutoka kazini nikakuta wigo umelala na tuta ni vijiti vitupu. Amekula majani, amekula ngogwe zote saba, amekula na lebo. Ya lebo ilibaki kona moja yenye herufi SENGA. Nikakaa chini nikalia na sare zangu za kazi. Mama Ezekieli nikamnunia miezi mitatu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angepiga simu Kumsenga akasema, mama, mbuzi amekula mbegu zako, nisamehe. Nilishika simu. Nikamsikia kichwani akisema, "Si nilisema huyu wa maabara?" Nikaiweka chini.

Wiki iliyofuata nipo sokoni Kasulu, nikaona mama mmoja ametandaza ngogwe kwenye kiroba. Fupi, nene, nyeupe, mabega ya kijani. Moyo ukaruka. "Zimetoka wapi hizi, mama?" "Munanila, kwetu." Nikanunua zilizoiva nyekundu, nikatoa mbegu, nikasuuza, nikakausha, nikapanda. Na lebo nikaandika. Mnajua nilichoandika.

NGOGWE, MAMA, KUMSENGA.

Mimi! Mtu ambaye kazini nikiona namba ya sampuli imekosewa tarakimu moja, nairudisha wodini kwa kelele.

Zikaota vizuri mno, tena kuzidi za mwanzo. Baba Nasra (ambaye hajui ngogwe na ngogwe, kwake zote ni mboga) akazipiga picha, akamtumia mama yake kwa simu. Mama akauliza swali moja tu: "Zimekubali?" Nikajibu, "Zimekubali, mama." Yule mbuzi sikumtaja. Mwaka ukapita, uongo ukazoea nyumba. Ilifika mahali mimi mwenyewe nikisoma lebo yangu naiamini.

Juzi mama akapiga simu. Anakuja Jumamosi. Anakuja kuchukua mbegu zake na kuona bustani.

"Na ile nayo nakuja nayo," akasema. Kibuyu! Jamani, kibuyu chenyewe kinasafiri kutoka Kumsenga kunifuata mimi!

Leo nimeamka alfajiri. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimeandika lebo zote upya kwa mwandiko wa kitabuni. Nimechukua kitambaa chenye maji nikafuta vumbi kwenye majani ya maboga, jani moja baada ya jingine. (Ndiyo. Nimeyapangusa maboga. Mtu anayetaka kunisema aseme, foleni ni ndefu.) Mbegu za kurudisha nilishaziandaa, safi, kavu, ndani ya bahasha ndogo nyeupe, juu yake nimeandika MAMA, KUMSENGA, na chini nimechora kaua. Nasra nimempeleka madrasa mapema, maana mtoto yule hufuatilia mambo kuliko polisi.

Saa nne pikipiki ikaingia. Mama mkwe akashuka, kitenge kipya, mkononi furushi la mviringo limefungwa kwa kanga. Nilitazama furushi kabla ya kumtazama yeye, Mungu anisamehe.

"Shikamoo mama. Mwakeye!" nikamsalimu, na Kiha changu cha kubabaisha.

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye neza." Akanishika mikono yote miwili. "Ego. Umenenepa. Vizuri."

"Chai iko tayari, mama."

"Chai haina miguu, haitaondoka. Nionyeshe bustani."

Akavua kandambili zake ukingoni mwa tuta la kwanza, akaingia peku. Furushi akampa Baba Nasra alishike. Mimi nikajipanga mbele ya lebo ya kwanza, tayari kusoma kwa sauti. Hakuitazama. Akachuma jani la isogi, akalisugua kwa vidole, akanusa, akatia mdomoni.

"Hii ya Kagerankanda," akasema.

Nikaangalia lebo. ISOGI, MAMA WAWILI, KAGERANKANDA. Nikapiga kofi kwa furaha. "Mama! Umejuaje?"

"Ya kwetu jani lake lina manyoya. Hii laini. Huko ndiko iliko laini."

Tukaenda kwenye maboga. Akagonga moja kwa kidole, akageuza kikonyo. "Kibondo mjini. Huyu aliyekupa watu wake wa Kakonko." Ukweli mtupu! Yule muuguzi kwao ni Kakonko! Mimi hata kwenye lebo sikuwa nimeandika. Nilijivuna, jamani. Nilimtazama Baba Nasra kwa jicho la kumwambia, umeona mama yako alivyo, na umeona mkeo alivyokusanya vitu vya kutambulika. Mboga zangu zote zilikuwa zinapasi mtihani moja baada ya nyingine, nami nanyanyuka kwenda juu kama unga wa maandazi.

Kwenye maharage nilipata kikwazo kidogo. Nimeyapanda kwa mistari, kila rangi na mstari wake, tisa, kila mstari na lebo. Akasimama akayaangalia muda mrefu.

"Haya ulipewa hivi? Kila rangi peke yake?"

"Hapana mama. Nilipewa mchanganyiko. Mimi nikayachambua, nikayapanga."

"Yemwe!" Akashika kiuno. "Haya ni watu wa nyumba moja. Mvua ikizidi, huyu mweusi anawalisha. Jua likizidi, huyu wa njano anawalisha. Wewe umempa kila mmoja chumba chake na jina mlangoni."

Baba Nasra akacheka. Nami nikacheka, nikasema msimu ujao nitawarudisha sebuleni. Tukaendelea. Hapo bado nilikuwa na heshima yangu.

Halafu nikagundua kitu. Mama huyu hasomi lebo. Mama huyu anasoma mboga. Na tuta linalofuata ni la ngogwe.

"Mama, chai itapoa."

"Ipoe."

"Mama, jua limekuwa kali, tungekaa kidogo kivulini..."

"Mimi nalima kwenye jua hili tangu babako hajaoa," akasema, na mkono wake ukawa umeshafika kwenye ngogwe nzuri kuliko zote. Akaichuma. Akatazama kikonyo. Akakikwaruza kwa ukucha. Akaifuta kwenye kitenge, akaiuma.

Akatafuna. Mimi pumzi nimeishika. Akatafuna taratibu, akiangalia mbali kule kwenye vilima. Akameza. Akaiangalia ngogwe iliyobaki mkononi.

"Hii ya Munanila," akasema.

Jogoo wa jirani akawika kama amelipwa.

Baba Nasra, mume wangu wa ndoa, mtu niliyemwamini, akainama kunisaidia. Akasoma lebo kwa sauti kubwa na ya wazi: "Ngogwe. Mama. Kumsenga." Akainua uso anatabasamu. "Ni zako, mama."

Mama akaitazama lebo kwa mara ya kwanza tangu afike. Akanitazama mimi. "Karatasi inasema Kumsenga. Ngogwe inasema Munanila. Nimsadiki nani?"

Hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Sikujiokoa. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Ni udongo, mama," nikasema. "Udongo wa Kasulu una asidi. Unabadilisha." (Asidi! Nilitumia na sauti ya kazini, ile ya kuwaambia watu majibu yao.)

"Udongo."

"Ndiyo mama. Kitaalamu."

"Udongo wa hapa umezichukua ngogwe za mama yangu ukazihamishia Munanila."

"Kidogo kidogo, mama."

Akanionyesha kikonyo. Kilikuwa na rangi ya zambarau, pembeni, kwa mbali. "Zangu hapa peupe. Na uchungu wa zangu unakuja mwisho, umeshameza. Huyu uchungu wake umenipokea mlangoni. Mwanangu, zangu ziko wapi?"

Hakuuliza kwa ukali, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza kama mtu anayeulizia ndugu yake aliyemwacha kwa watu. Mara moja nikaona kwamba kumbe wakati wote mimi nilikuwa nafikiria kibuyu, yeye alikuwa anazifikiria zile ngogwe. Nikafungua mdomo, na safari hii nilikuwa naenda kusema kweli, wallahi nilikuwa naenda kusema.

Mama Ezekieli akaniwahi.

"Hodi! Hodi hapo! Nimesikia mgeni kafika!" Huyo, anapita kwenye upenyo wa wigo, bakuli mkononi. Na nyuma yake, kamba shingoni lakini hakuna aliyeshika kamba, Mkaguzi. "Karibu mama. Nimekuletea mboga kidogo, za jirani. Shambani mwangu hazikubali, hizi zimejiotea tu kule zizini nyuma ya nyumba. Tangu mwaka jana zinaota. Sijazipanda mimi."

Ndani ya bakuli, ngogwe. Fupi, nene, nyeupe, mabega ya kijani. Kikonyo cheupe.

Mama mkwe akachukua moja kabla hajakaribishwa. Akaiuma. Akatafuna. Tukangoja wote, hata Mama Ezekieli ambaye hakujua tunangoja nini. Akameza. Akangoja zaidi, na safari hii ukaja kutoka mbali, ule uchungu wa mwisho. Macho yakajaa machozi.

"Hizi zangu," akasema. "Hizi za mama." Akamshika Mama Ezekieli mkono. "Mbegu nani kakupa?"

"Hakuna, mama. Nasema kweli. Zimeota kwenye samadi ya huyu mbuzi."

Sote tukageuka tukamtazama Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa anatafuna kitu. Ilikuwa lebo yangu.

Basi nikasema yote. Nikiwa nimesimama katikati ya bustani yangu iliyopanguswa kwa kitambaa, mbele ya mama mkwe, mume, jirani na mbuzi, nikataja ngogwe saba, nikataja sare nilizolia nazo, nikataja soko, nikataja lebo. Nikataja hadi kile kikona cha SENGA. Nilipofika kwenye asidi sauti ilikwisha. Baba Nasra alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama Ezekieli alikuwa anasema "maskini" kwa kila sentensi, na sijui alikuwa anamaanisha mimi au mbuzi.

Mama mkwe akanisikiliza hadi mwisho. Halafu bega likaanza kutikisika. Halafu la pili. Akajishikilia kwenye mti wa maboga, maboga hayana mti, akaenda chini taratibu hadi akakaa kwenye tuta, anacheka bila sauti, machozi yanashuka.

"Nimempa mtu wa maabara," akasema alipopata pumzi, "mbegu zimepandwa na mbuzi!"

Akaanza tena.

"Mbuzi amezila, amezipanda, na mbolea yake ametia humo humo!" Akampungia Mkaguzi mkono. "Njoo, mkwe wangu! Njoo! Kumbe mke wa mwanangu mwenye mikono ni wewe!"

Baba Nasra akashindwa. Mama Ezekieli akashindwa. Mimi nilisimama pale nikiwa mke wa pili wa nyumba ambayo mke mkubwa ana ndevu.

Na haikuishia hapo. Mama akaomba furushi lake. Akafungua kanga, na kibuyu kikatoka, cheusi, kinang'aa kwa moshi wa miaka, kizibo cha gunzi. Tangu harusi nimekisubiri. Akakiweka kwenye mapaja, akakizibua, akamwita Mama Ezekieli. "Wewe umenirudishia," akasema. "Mwenye kurudisha anapewa." Akammiminia viganjani, mbegu na majivu yake, za maboga, za isogi, za maharage, za mchicha ambao jina lake hata sikulijua. Mama Ezekieli analia anasema hakustahili, ni mbuzi tu. Nami nipo hatua tatu pembeni nimeshika bahasha yangu yenye kaua.

Sikuwahi kutamani kuwa mbuzi maishani mwangu. Leo nilitamani.

Mama akakiziba kibuyu. Kisha akaninyooshea mkono. "Na hiyo ni nini?"

"Ni... nilikuandalia, mama. Ni za Munanila."

Akaichukua bahasha. Akaifungua, akamimina mbegu kiganjani, akazigeuza kwa kidole kimoja, akaiokota moja akaiuma kwa meno ya mbele. Akatikisa kichwa, na mimi najua kutikisa kwake kwa vibaya na kwa vizuri. Hii ilikuwa kwa vizuri.

"Umezikausha wapi?"

"Kivulini, mama. Kwenye ungo. Siku tano."

"Hazina hata moja iliyooza. Safi." Akazikusanya kiganjani. "Dada yangu aliolewa Munanila. Alikuwa nazo hizi. Alipofariki wanawe wakapanda za pakiti, zikaisha. Mimi nimezitafuta." Akanitazama juu. "Lete kalamu."

Nikakimbia kuleta kalamu. Nilikimbia kweli, nikajikwaa kwenye mstari wa maharage meusi.

"Futa hapo jina langu. Si zangu. Andika Munanila. Andika soko la Kasulu. Na andika jina lako, lile ulilopewa na wazazi wako."

Nikaandika: NGOGWE, MUNANILA, SOKO LA KASULU, MWANAIDI. Akasema nisome. Nikasoma. "Ego," akasema, ndiyo kwa Kiha. "Sasa karatasi na ngogwe wanasema neno moja." Halafu, mbele ya watu wote, akakizibua kibuyu kwa mara ya pili, akazimimina mbegu zangu ndani, akatikisa zichanganyike na majivu, akaziba.

Jamani. Kibuyu cha Kumsenga, cha mama yake mama yake, sasa kina mbegu zilizotoka mkononi mwangu. Siku ya harusi alisema nitazitia kwenye friji. Nimezitia kwenye kibuyu! Wake wa shemeji zangu walichukua tu humo. Mimi nimetia. Nilisimama wima hapo, uso bado una aibu yake lakini kidevu kimeshapanda.

"Nami nitagawiwa, mama?" nikauliza. (Mtu akishavuliwa nguo, kuuliza hakumpunguzii kitu.)

"Wewe bado. Wewe hujanirudishia za mama yangu." Akaanza kucheka upya, akielekea kwenye kandambili zake. "Nenda kaombe kwa mbuzi."

Kwa hiyo nimekwenda. Saa sita mchana, kwa miguu yangu, nimeingia zizini kwa Mama Ezekieli nilikokuwa sijawahi kukanyaga, nimepiga magoti kwenye samadi, nimechagua ngogwe nane zilizoiva nyekundu, Mkaguzi amesimama juu yangu ananikagua. Nimeomba ruhusa kwa mwenye mbuzi. Nimeshukuru. Mama Ezekieli naye nimemwomba msamaha wa ile miezi mitatu, akasema alidhani naumwa jino. Sasa mbegu ziko kwenye ungo hapa pembeni yangu, na lebo nimeshaandika, ndefu kidogo, imebidi nikate boksi kubwa: NGOGWE, MAMA, KUMSENGA, KUPITIA MKAGUZI.

Anayetaka kucheka acheke, simzuii, hata sebuleni wanacheka. Ila kwa kila kicheko natoza mbegu kijiko kimoja, na kwenye bahasha mwandike kweli zimetoka wapi, maana mama mkwe amesema atakaa wiki mbili na meno yake yote anayo.